Mpaka Useme Kata

Tarehe 3 Februari

Shemeji mpenzi,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha kiti changu cha mwongozaji, kilichotokea leo asubuhi wakati wa chai, mbele ya kikosi kizima, baada ya kuugua kwa muda mfupi sana. Marehemu alikuwa wa mbao na turubai, mwenye jina langu mgongoni. Chanzo cha kifo ni mimi kukaa. Habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo, hasa seremala wetu, aliyeniapia kwamba kiti kile kingebeba ng'ombe.

Waliocheka ni wote. Aliyecheka mpaka akaegemea ukuta ni mumeo. Kwa hiyo ujue Jambazi wetu amefika salama, na mbavu zake ni nzima.

Nilimpokea mwenyewe stesheni. Miaka yote hii imepita tangu filamu yake ya mwisho, na bado bibi mmoja alipomwona alimvuta mjukuu wake nyuma ya sketi. Mumeo akachuchumaa, akampa mtoto peremende, akamwomba radhi bibi kwa ubaya wote alioufanya kwenye sinema. Mimi stelingi, niliyewaokoa watu wa nchi nzima kutoka mikononi mwake, hakuna aliyenitambua. Kipara ni barakoa kubwa, shemeji.

Jioni niliwasimulia vijana wangu ile ya siafu. Unaikumbuka: nimempiga risasi kando ya mto, ameanguka, mwongozaji wetu wa enzi hizo akasikia wali umeiva, akasahau kusema kata. Tukaenda kula. Tuliporudi, mumeo amelala palepale, siafu wanaingia sikioni kama waliopanga chumba. Nikamwambia, "Wewe, amka!" Akajibu amefumba macho: "Hajasema kata." Vijana wakadhani naongeza chumvi. Mumeo akawaambia kwa upole, "Wanangu, kazi ina mwenyewe. Huachi mpaka mwenye neno aseme neno lake."

Nikawaambia pia lile lililokuwa siri yetu: kwamba nilikuwa nasahau maneno yangu, na kwamba mara ngapi sijui maiti yake ndiyo iliyoninong'oneza kutoka sakafuni, midomo haisogei. Stelingi hafi, wanasema. Hafi kwa sababu maiti wanamsaidia.

Basi ndiyo kazi yangu nzima hiyo. Nilianza stelingi, nywele zikaniaga nikawa baba wa stelingi, kisha babu yake, kisha simu ikanyamaza. Ndipo nikahamia nyuma ya kamera, ambako nywele hazihitajiki. Filamu ya kwanza niliyoiongoza ilitazamwa na familia yangu na bwana mmoja aliyekuwa anajikinga mvua. Ya pili, mvua haikunyesha. Hii ni ya tatu, na wafadhili wameniambia kwa heshima zote kwamba ikianguka nitapumzishwa. Ndiyo maana nimemtaka mumeo. Ataigiza mfungwa mzee anayerudi nyumbani kwake baada ya kifungo kirefu. Safari hii hauawi na mtu.

Wabusu wajukuu.

Shemeji yako,
Stelingi

*

Tarehe 10 Februari

Shemeji Stelingi,

Pole kwa msiba. Marehemu alikuwa bado kijana. Nimekupaka poda tangu kiuno chako kikionekana, kwa hiyo nina haki ya kusema: aliyeonewa katika habari hii ni ng'ombe.

Usinipigie simu, niandikie. Kwenye simu unaigiza. Unatoa ile sauti ya kuokoa watu, nami nabaki sijui kama mume wangu amekula au amening'inia kwenye mwamba. Kwenye karatasi nakujua. Ukisema kweli mwandiko wako unalala kama mlevi. Ukidanganya, herufi zinasimama wima kama askari wa gwaride.

Huku kwa binti pacha wachanga wanalia kwa zamu, wasije wakanionea huruma. Binti yetu bado hana nguvu tangu ajifungue, siwezi kuondoka. Kwa hiyo sikiliza, na usicheke.

Mumeo huyo wa kazi (wangu wa nyumbani) ni mtu wa mazoea. Chumba mlichompa siku ya kwanza kiwe hichohicho mpaka mwisho. Mlango wa bafu uwe mkono wa kushoto ukiwa kitandani, kama kule nyumbani kwetu. Sweta lake la kijivu litundikwe nyuma ya mlango, si kabatini. Asubuhi apewe chai kabla ya kuambiwa jambo lolote. Akichelewa kujibu, mpe nafasi. Masikio siku hizi. Na ratiba msimbadilishie ghafla. Ni uzee tu, hakuna lingine.

Ana furaha, shemeji? Ulipompigia simu ile siku alivaa koti lake.

Nimekukabidhi mume wangu. Nirudishie kama ulivyomchukua, siafu wakiwa nje.

Mpambaji wako wa zamani

*

Tarehe 19 Februari

Shemeji,

Maagizo yako yamefika, na nimeyasoma kwa sauti wakati wa chakula, mbele ya kikosi, kwa ile sauti ya kuokoa watu. Tulicheka mpaka mama wa mavazi akapaliwa. Mumeo naye alicheka. Sasa kila akipita, vijana wanamuuliza, "Mzee, sweta liko nyuma ya mlango?" Umemdekeza, shemeji! Huyu ni mtu niliyemrusha kutoka ghorofani mara tatu, leo anataka bafu liwe kushoto.

Lakini nimetekeleza yote. Mimi ni mtumwa wako.

Kazi inakwenda. Ana furaha, ndiyo. Asubuhi wa kwanza kufika ni yeye, amekaa kwenye kreti, koti limefungwa vifungo vyote. Maneno anayashika ukimpa machache machache. Juzi aliniita kwa jina la yule kapteni niliyekuwa kwenye filamu yetu ya meli, siku nzima, na mimi nikamwitikia, "Ndiyo, haramia!" Utani wake haujachakaa.

Kesho ni lile onyesho kubwa. Mfungwa anaingia chumbani alikolala na mkewe, mke hayupo, na anasema sentensi moja tu: "Kitanda ni kilekile." Basi. Wafadhili watakuja kuliona wiki ijayo, na wao kwa onyesho hilo ndio watajua kama mimi ni mwongozaji au babu mwenye kipaza sauti.

Mpiga picha wangu, mwanamke hodari asiyecheka na mtu, amenishauri tuhamishe mlango wa kile chumba cha kuigizia. Umekuwa kushoto tangu tuanze mazoezi. Anautaka kulia, ili mwanga wa dirisha umshike mzee usoni akiingia. Ni mlango wa mbao nyepesi na gundi, mafundi wataubeba kama jeneza tupu. Nimekubali. Usiniulize bafu, hakuna bafu, ni ukuta wa maboksi.

Niombee.

Stelingi

*

Tarehe 6 Machi

Shemeji,

Umekufa? Stelingi hafi, mimi nimeambiwa.

Binti amepata nguvu, nimerudi nyumbani. Jambazi naye amerudi. Amerudi na gari lenye dereva, blanketi jipya, redio, kapu la matunda, na viatu vya ngozi ambavyo hakuviomba. Shemeji, zawadi hizi ni za mtu aliyegonga mbuzi wa jirani. Ulimgonga nani?

Nimemuuliza lile onyesho lilikwendaje. Anasema, "Vizuri, nadhani." Nimemuuliza kama ulikuwa mkali. Anasema, "Yule kijana? Hapana, ni mtu mwema, anasahau tu." Sikuelewa.

Na kuna jambo. Siku hizi akifika mlangoni pa chumba chetu anasimama. Haingii, harudi. Jana nilimwambia, "Baba, unangoja nini hapo kama posta?" Akasema, "Hajasema." Nani hajasema nini? Akatabasamu, akaingia, akaketi, akavua viatu.

Niandikie. Si lazima uwe mcheshi.

Mpambaji

*

Tarehe 11 Machi

Mpendwa shemeji,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya pamoja na familia yote.

Samahani kwa kuchelewa kuandika. Kazi zilikuwa nyingi. Onyesho lilikwenda vizuri kupita matarajio yetu. Mzee aliigiza kwa kiwango cha juu sana, na kila mmoja aliguswa. Wafadhili wameridhika mno. Zawadi ni shukrani ndogo ya kikosi kizima kwa mchango wake mkubwa.

Kuhusu kusimama mlangoni, nadhani ni uchovu wa safari. Apumzike.

Nawatakia kila la heri.

Wako mwaminifu,
Stelingi

*

Tarehe 2 Aprili

Shemeji,

Mwandiko wako wa safari hii ni mzuri sana. Niliuona nikaogopa.

Nilingoja, nikisema labda una homa. Halafu jana mama wa mavazi alinipigia. Alikuwa ametoka kwenye ukumbi ambapo wafadhili walionyesha filamu yako kwa wageni wao. Analia na kucheka pamoja. Anasema watu wamesimama, anasema wamepiga makofi mpaka taa zikawashwa mara mbili. "Mumeo, dada! Sikujua ana kipaji kile! Anavyozunguka chumbani, anavyopapasa ukuta, anavyomwita mke wake: Poda, Poda, uko wapi, nimechelewa!"

Shemeji, Poda ni mimi.

Hata wewe hulijui jina hilo. Alinipa usiku wa harusi yetu kwa sababu nilikuja na poda mikononi hata siku hiyo, na halijawahi kutoka nje ya chumba chetu. Binti yetu mwenyewe hajawahi kulisikia. Mume wangu hawezi kulitia kwenye sinema. Angekufa kwa haya.

Sasa nikwambie langu, maana siwezi kukudai lako nikiwa nimeficha langu mgongoni. Nilijua. Tangu mwaka juzi najua. Siku moja alisimama mbele ya kioo akaniuliza kovu lake limekwenda wapi. Lile kovu, shemeji, la shavuni, nililokuwa namchora kila asubuhi ya kazi na kumfuta kila jioni. Nilicheka. Kisha nikaona hachezi. Daktari alisema maneno yake, nikayakunja nikayaweka mbali. Ndiyo maana ya bafu kushoto. Ndiyo maana ya sweta. Nyumba hii naishika kama trei iliyojaa vikombe, nisitikise kitu, apate kujua yuko wapi.

Sikukwambia kwa sababu ungemwacha. Ungemwacha kwa upole, ungekuja na matunda. Hakuna aliyempigia simu kwa miaka, na ulipopiga wewe alivaa koti akakaa sebuleni kungoja safari, na safari ilikuwa ya wiki iliyofuata. Nilitaka aigize mara moja tu bila wewe kumuua. Basi nikamtuma kwako na maagizo ya uongo, nikasema ni masikio. Hilo ni langu, na naona aibu yake kila nikimfunga vifungo.

Sasa nataka lako. Mama wa mavazi siku hiyo hakuwepo kwenye seti, anadhani ni kipaji. Wewe ulikuwepo. Wananialika nije kukaa mstari wa mbele siku ya ufunguzi, kumtazama mume wangu akinitafuta mbele ya watu.

Niambie kilichotokea. Usinipambie. Kupamba ni kazi yangu.

Shemeji yako

*

Tarehe 8 Aprili

Shemeji,

Herufi zitalala, usijali.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Nikiomba nitaomba vizuri mno. Ni kazi niliyoifanya miaka mingi, na wewe mwenyewe ulinitia machozi ya kitunguu.

La kwanza, ili ulale: onyesho halimo tena. Juzi nilikwenda kwa mhariri, nikaketi naye mpaka likatoka. Sasa mfungwa anafika mlangoni, anaingia, mlango unafungwa, nasi tunabaki nje. Wafadhili wamenipigia mmoja baada ya mwingine. Mmoja ameniuliza kama nimeugua. Mwingine amesema filamu imebaki mlango mtupu na kwamba hii ndiyo yangu ya mwisho, naye nadhani anasema kweli. Kipande chenyewe kimo ndani ya bahasha hii kubwa, na nakala nilizozijua nimesimama mpaka zikafutwa. Ni chenu. Mkikichoma, mmechoma mali yenu.

Usinisifu kwa hilo. Nimelitoa baada ya watu kusimama na kupiga makofi, na makofi yale niliyapokea. Niliinama, shemeji. Nilikuwa jukwaani, nikaweka mkono kifuani.

La pili ndilo uliloliuliza.

Mlango ulihamishwa asubuhi. Mumeo alikuwa anakunywa chai. Sikumwambia, nilitaka akiingia awe na upya. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kipya. Nikaamuru kamera, akaingia kwa kulia. Akasimama.

Alikuwa na sentensi moja, na hakuisema. Nilidhani anavuta muda, anatufundisha kazi. Kisha akanyoosha mkono kwenye ukuta wa kushoto, akapapasa. Akapapasa tena, juu kidogo. Akageuka, akachungulia nyuma ya mlango, pale ambapo kungekuwa na msumari na sweta. Hapo barua yako yote ilinirudia, neno kwa neno, kwa sauti ile niliyoisomea mbele ya watu. Nilielewa saa hiyohiyo. Mtu asije akakwambia kwamba sikujua. Nilijua kabla hajakuita.

Mpiga picha alitoa jicho kwenye kamera akanitazama. Alikuwa anangoja neno. Mimi nilizungusha kidole hewani: endelea.

Ndipo akakuita. Sitaliandika hilo jina, si langu. Akasema amechelewa, akasema mvua ilimzuia njiani, akasema usikasirike. Akafungua kabati. Ni kabati la kuigizia, halina mgongo. Nyuma yake alikuwa amesimama seremala na nyundo yake. Wakatazamana. Mumeo akamwambia, "Samahani, ndugu, sikujua kuna mtu," akalifunga taratibu kama mlango wa choo. Mahali pengine popote ningeanguka kwa kicheko. Msichana wa sauti akavua vile vitu vya masikioni, akageukia ukuta.

Na mimi nilikuwa nafikiri nini? Nataka ujue, kwa sababu uliuliza. Nilikuwa nafikiri: mwanga unamshika vizuri. Nilikuwa nafikiri: Mungu wangu, asiache. Nimemtazama mtu huyu akifa mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai, na sijawahi kumtazama kwa uchu kama siku ile. Nilijua haachi. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hainitoki. Mtu mwingine angetoka nje, angelalamika, angemwita daktari. Yeye angebaki ndani ya chumba kile asichokijua mpaka mimi niseme, kwa sababu huo ndio uungwana wake, na mimi ndiye niliyewasimulia vijana habari za siafu ili wacheke.

Akaketi kitandani. Akavua kiatu kimoja, akakiweka sawasawa chini, kama anavyofanya kwako. Akainua macho, akakinga taa kwa kiganja, akatafuta nyuma ya mwanga mpaka akaniona. Nilidhani ataogopa. Hakuogopa. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani nikikwama katikati ya sentensi, na watu wote kimya, na filamu inakwenda bure.

Akaniuliza polepole, nisiaibike mbele ya watu, "Umesahau neno lako?"

Nilikuwa na neno moja tu katika kazi yangu yote hii mpya, na sikulitoa.

Basi akanisaidia. Hakusogeza midomo, kama alivyokuwa akifanya akiwa maiti sakafuni kwa ajili yangu. Akaninong'oneza:

"Kata."

Nikasema. Taa zikazimwa, hakuna aliyepiga makofi. Yeye akavaa kiatu chake, akafunga kamba, akasimama akajipangusa koti.

"Sawa, kijana wangu," akasema. "Turudie?"

Shemeji yako